Mpunga Ulioniambia Niung'oe

Bi Mize, mwalimu wangu,

Salamu ya watu wa makaburini nilikutolea jana pale Wawi, kwa adabu zote. Leo nakuandikia kukwambia kwamba ulikosea, na nimefurahi, na nimelia, vyote kwa mpigo mmoja.

Ule mpunga wa mstari wa mferejini ulioniambia niung'oe, sikuung'oa.

Usinikunjie uso, nisikilize kwanza. Tulikuwa tukitafuta mbegu isiyoungua ikichanua, maana siku hizi joto likiingia bondeni mpunga ukiwa katika ua, chavua hufa, na suke husimama wima limejaa mapepe, maganda matupu yasiyo na punje. Uliukutanisha mpunga huu na ule kwa mikono yako, mkasi mdogo na kibano, ukifunika suke kwa mfuko wa karatasi kama mtu anayemfunika mtoto mbu wasimuume. Kila mstari wa mbegu uliozaliwa uliujua kwa tabia yake. Huu wa mferejini ukauita bahili. Kila tukifika kuchukua chavua, umeshafumba, na vifuko vya chavua vilivyoning'inia nje vimenyauka, ukadhani ni vya jana. Siku chache kabla hujalazwa ukasema, "Ng'oa huno, watukalia pahala bure."

Lakini tulikuwa tukifika wakati gani, Bi Mize? Umande ukishakauka! Wewe na shahada zako zote ulikuwa mtoto wa Wingwi, na mama yako alikulea kwamba mpunga ulio katika ua hauingiliwi asubuhi mbichi. "Mpunga wakoga, uwacheni umalize," ukiniambia. Mimi wa Kengeja, ambaye kwetu mila hiyo hatuna, nikikaa tutani nikila muhogo wangu, nikikusubiri uinuke. Nilipenda kukusubiri.

Ulipofariki nikawa sina wa kumsubiri. Asubuhi moja nyumba ilinishinda, nikaenda bondeni kabla jua halijachomoza vizuri, nikaingia mpungani na umande wake, nguo ikarowa mpaka magotini. Mistari mingine yote ilikuwa imefumba. Bahili wako alikuwa wazi, Bi Mize. Wazi kabisa. Nikigusa suke, unga unaruka. Kumbe si ubahili, ni uwahi: unamaliza shughuli yake mapema, joto linapofika maganda yameshafungwa na mimba imeshaingia. Nilicheka peke yangu, halafu nikatoa simu nikupigie. Jina lako bado limo. Nikairudisha mfukoni.

Msimu huu jua lilikuja kali wakati uleule tunaouogopa. Ukiminya masuke ya jirani, mapepe. Ukiminya ya mferejini, yanatoa maziwa, na baadaye punje zikajaa zikawa ngumu. Najua utasema msimu mmoja si ushahidi. Sawa, nitarudia. Lakini macho yangu nayaamini, na wewe ndiye uliyenifundisha kuyaamini.

Hofu yangu ilikuwa sufuria. Wanawake wa bondeni wametukatalia mbegu nzuri ngapi kwa sababu ya kiporo! Shamba lijae vipi, wali ukilala ukaamka mawe, hawaupandi. Na wasipoupanda wao, kazi ya umri wako ingebaki kwenye vipande vyetu vya majaribio, watu wakiendelea kuvuna mapepe. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Basi baada ya mavuno, wanao walipokusomea hitima, niliwaomba ruhusa, nikapeleka mchele wa mpunga ule. Ukapikwa, watu wakala, wakainua mikono kukuombea, na hakuna aliyejua anakula nini. Bi Asha, jirani yako wa bondeni, yule asiyesifu kitu, alifungiwa sahani yake akaenda nayo kwake. Kesho yake, baada ya kuulizia mchele ule kaleta nani, alinijia kazini, hata kukaa hakukaa. "Saada, wali wa jana nimeulaza, nimeunywea chai, haukufanya mawe. Mbegu yake naitaka, na usinambie habari za mwakani."

Nilimpa. Nikabakisha ya kurudia majaribio, nyingine akaondoka nayo kichwani, na wenzake wakaja nyuma yake mpaka nikawa nawarudisha mikono mitupu.

Nimeshinda, Bi Mize, na sina wa kumringia. Ningetaka ubishe. Ningetaka useme nimebahatisha, kisha uvue miwani uifute, uniombe nikupeleke ukaone mwenyewe. Hapa kazini wananipongeza tu, na pongezi haziniingii.

Mola akupe kivuli huko uliko. Ahadi yangu ni hii: Mungu akinijaalia mwanafunzi, naye siku moja akaona nilipokosea, nitakwenda naye shambani nikaone ningali hai, ili apate wa kumringia.

Wako,
Saada