Nukta Iliyogoma Shingoni

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, na kitambi changu ndicho kizima kupita wote. Huku kazini nimepata kaaibu kadogo. Unajua kazi yangu: naweka kipimo shingoni mwa mgonjwa, mshipa mkubwa wa damu unaonekana kwenye skrini, nabandika nukta kwenye ukuta wake, nayo inapanda na kushuka kila moyo unapopiga. Ukuta ukikakamaa, nukta haichezi, na kiharusi hakiko mbali. Juzi nikawaonyesha wanafunzi kwa shingo yangu mwenyewe, kwa mbwembwe zote. Nukta ikagoma! Ikatulia kama mkwe ugenini. Nikawaambia mashine imeharibika, nikaifunga mpaka fundi aje. Wagonjwa nawarudisha nyumbani.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo, ila magoti yananikumbusha umri. Barua yako nimeicheka, kisha nikaacha kucheka. Kabla yako, hiyo mashine ilimpima nani? Nukta yake ilicheza? Baba naye alisingizia jua kila kichwa kilipomuuma, mpaka kiharusi kikamlaza. Usinijibu kwa utani.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimekawia kwa sababu nilikuwa natafuta uongo mzuri, nikakosa. Asubuhi ile nukta za wagonjwa wote zilicheza vizuri. Nilijua palepale. Lakini mimi ndiye ninayewafokea watu waache sigara, kisha najificha nyuma ya stoo kuvuta yangu. Ningewatazamaje wanafunzi? Fundi bado hajaja, na kila siku nawarudisha watu huku najua mashine ni nzima. Naona haya hata kukuandikia. Tafadhali, wifi yako asijue.

Mdogo wako

6 Aprili

Wewe,

Salamu baadaye. Haya yako isije ikamuua mtoto wa mwenzio. Ukimrudisha mtu mwingine hata mmoja, nitakuja na magoti yangu haya nisimame mlangoni pako niwaambie mwenyewe. Na wifi yangu mwambie leo, kabla sijamwambia mimi.

Dada yako

15 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimeyasema, nyumbani na kazini. Niliwasha mashine, nikalala kitandani, nikampa mwanafunzi kipimo. Akabandika nukta.

"Mwalimu, haichezi."

"Ndivyo ilivyo. Andika."

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Mkuu wetu kanipa onyo kali, daktari kanipa vidonge vya presha na miadi. Leo nimekwenda, nikakuta benchi limejaa walewale niliowarudisha. Nikajibanza pembeni. Mama mmoja akanikazia macho.

"Wewe si ndiye uliyetuambia mashine mbovu?"

"Ndimi, mama. Ilikuwa nzima."

Nikatamani ardhi ipasuke. Kisha akapakata mkoba wake, akasogea kidogo.

Nikakaa, dada, kwa tako moja.

Mdogo wako