Kadi ya Mwaka ya Jonalyn

Biñan, Laguna
Tarehe 8 Desemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Mkono wako nauweka kwenye paji la uso wangu ingawa uko mbali. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba magoti hayakusumbui sana msimu huu wa mvua. Lile bati la jikoni lililong'olewa na tufani, wamekuja kulipigilia, au bado wanakupa ahadi? Sisi huku tu wazima. Aira ameng'oka jino jingine la mbele na akiongea hutoa mluzi. Mimi bado niko kiwandani kwenye meza ya kukagua nyaya za magari. Macho yananiuma ikifika jioni, lakini kazi ipo, namshukuru Mungu.

Binamu Meding ameniambia umemtuma aniulize kama ni kweli ninataka kununua tena ile kadi ya mwaka ya bustani ya michezo ya Bituin, na kama akili zangu ziko sawasawa. Alinipa maneno yako kama ulivyoyasema: mmoja alinunua anasa akafa nayo, na huyu wa pili naye anataka nini. Sikukasirika, Mama. Ningekujibu kwenye simu, lakini sikio lako la kulia halishiki tena simu, na chumba chetu ni kimoja, Aira yupo saa zote. Tena jibu lenyewe si la ndiyo au hapana. Kaa chini uisome taratibu. Meding akikusomea, asisome mbele ya watu.

Unakumbuka mwanzoni mwa Desemba iliyopita, dada Jona alipopokea mshahara wake wa mwezi wa kumi na tatu, ile ziada ya mwisho wa mwaka. Wewe ulitazamia bati. Mimi nilitazamia tuhamie nyumba yenye dirisha. Yeye akarudi na kadi mbili, yake na ya Aira mwanawe, za kuingia Bituin siku yoyote kwa mwaka mzima. Nilimsema sana. Nilimwambia mtu mwenye akili hukata tiketi ya siku moja, na hilo hulifanya siku ya kuzaliwa ya mtoto. "Wewe umenunua mwaka," nikamwambia, "mwaka wenyewe umeuona wapi?" Akacheka. Akaniambia nipige hesabu, ukienda mara tano tu kadi imeshajilipa, kuanzia mara ya sita unaingia bure kama bibi harusi. Sikumsemesha siku nane. Wewe hukujua hilo. Katikati ya Februari alianguka bombani akiwa na ndoo mkononi, na hospitali wakatuambia ni moyo, umesimama ghafla.

Baada ya dua ya siku arobaini wewe ulirudi Sorsogon, tukabaki wawili. Aira alikuwa hali vizuri. Anaweka wali mdomoni, anautafuna mpaka unakuwa uji, hamezi. Jumapili moja akazitoa zile kadi kwenye mkoba wa mama yake, akaziweka mezani mbele yangu, kisha akaenda kuvaa viatu. Mimi sikuwa na kadi, na tiketi ya siku moja ilikuwa karibu mshahara wangu wa siku mbili. Nikamtazama Jona kwenye picha ya kadi. Mama, wewe mwenyewe ulikuwa ukituchanganya tukikupa kisogo, na hata tukigeuka watu walituita pacha. Nikaichukua.

Mlinzi wa getini aliitazama kadi, akanitazama mimi, akatabasamu. "Umepotea sana, dada Jonalyn. Na umekonda." Nikamwambia nilikuwa naumwa. Ndivyo ilivyoanza. Sikuiba kitu cha mtu, nilijiambia, mwaka ulishalipiwa, na aliyelipia ni damu yangu.

Tangu siku hiyo tukawa tunakwenda kila Jumapili baada ya misa. Aira alianza kula. Alikula mipira ya samaki kwenye vijiti, akachovya kwenye mchuzi wa tamutamu mpaka kwenye kiwiko, akapanda mashua za majini, akalala njia nzima ya kurudi. Nami niliona faida hiyo, nikasema basi, kadi hii imejilipa.

Lakini kitu kingine nacho kilikuwa kinakuja pamoja nasi. Sijui nikuelezeje usiogope. Kule kwenye mashua kuna mashine inayowapiga picha watu wakishuka mteremko wa maji, halafu wakitoka wanajiona kwenye kioo cha picha kilichotundikwa juu. Kila Jumapili nilikuwa nikiinua macho, wa kwanza kumwona pale juu ni Jona, amemkumbatia mwanawe. Namwona kabisa, na meno yake. Nahesabu mpaka tatu ndipo anageuka kuwa mimi. Mwezi wa Mei nilikata nywele za mbele ili zifanane na za kwenye kadi, nikajiambia ni kwa ajili ya mlinzi. Mwezi wa Juni nikaanza kuvaa lile koti lake la njano, na mlinzi hakuwa ameniomba koti. Nikiitwa Jonalyn niligeuka kabla sijafikiri. Jumatatu kiwandani wakiniita kwa jina langu, Velyn, ilibidi waniite mara mbili.

Sasa nikuambie habari za Bi Choleng. Huyu ni mama wa makamo anayeendesha ile bembea ya farasi wa mbao, na mkanda wake wa kiunoni una funguo nyingi kuliko za padri. Alikuwa likizo ya muda mrefu, amekwenda kumuuguza mumewe, kwa hiyo hatukumkuta mpaka Septemba. Siku aliponiona alishuka jukwaani, akaacha farasi wamesimama na watoto juu yao. Alinishika uso kwa mikono miwili. Wazazi wa wale watoto wakaanza kunung'unika, mmoja akauliza kama bembea imekufa. Bi Choleng akamjibu bila kugeuka, "Umekufa wewe. Subiri kidogo."

Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Jona, umeshamwambia mama yako?"

Mama, ningesema ukweli wakati ule. Lakini mtu anayetumia jina la mtu huogopa swali kuliko mwizi anavyoogopa mbwa. Nikajibu, "Bado."

Akatikisa kichwa. Akasema alijua tu nitakuwa sijakwambia. Akasema Oktoba daktari alitoa miezi mitatu au minne bila upasuaji, na pesa ya upasuaji haikuwepo, naye aliporudi alikuwa akijiandaa kusikia habari mbaya. Sasa ni Septemba na nimesimama mbele yake, nimepata hata rangi. Akafanya ishara ya msalaba. Alisema amekuwa akiniwashia mshumaa kila Ijumaa, na sasa atawaambia wanaparokia wenzake kwamba maombi yanasikika. Nilipanda farasi aliyekuwa karibu. Bembea ikazunguka. Kila nilipompitia Bi Choleng alikuwa analia huku anacheka, ananipungia mkono.

Basi ndivyo nilivyopata habari ya ugonjwa wa dada yangu. Niliipata nikiwa nimevaa koti lake, kwa mtu aliyedhani ananikumbusha. Jona alijua tangu Oktoba. Alijua siku alipozileta zile kadi. Nilipomuuliza mwaka ameuona wapi, alijua jibu, akacheka.

Nilikaa na jambo hilo mpaka mwisho wa Novemba. Kila Jumapili Bi Choleng alimshukuru Mungu wake kwa uzima wangu, nami nikapokea. Mara moja aliniletea biko la nyumbani kwake, wali wa nazi na sukari, amelifunga kwenye jani la mgomba, kwa sababu nimepona. Nililila, Mama. Sijui kama kuna padri wa kuniungamisha kwa hilo.

Tarehe thelathini Novemba kadi zilikuwa zinaisha. Walikuwa wameshanitumia ujumbe kwenye simu ya Jona, ambayo sikuwahi kuizima: Jonalyn, mwaka wako nasi ulikuwa wa furaha, usiache uishe. Nikapiga hesabu kama alivyonifundisha. Tumekwenda mara thelathini na sita. Kwa hesabu, kadi ilifaa kuliko kitu chochote tulichowahi kununua. Nikaenda kwenye dirisha la tiketi na Aira na fedha mkononi. Kijana wa dirishani alisema kwa mwaka mpya wanahitaji picha mpya na alama ya kidole gumba, kisha akanisomea kutoka kwenye mashine: Jonalyn Escopete, mzazi wa Aira, ni sahihi?

Sasa nimefika pale ninapoogopa kukuandikia. Nimezunguka kurasa mbili nikipakwepa.

Nyumbani Aira huniita mama mdogo, kama ilivyo haki yake. Lakini tangu ile Jumapili ya kwanza, tukishapita geti la Bituin, aliliacha lile neno la pili. Aliniita Mama. Mama shika hapa, Mama tazama, Mama nina kiu. Nami niliitika. Sikumkataza hata siku moja. Tukitoka getini nilikuwa mama mdogo tena, na njia nzima nilihesabu siku zilizobaki kufika Jumapili. Nilikuwa nikimlilia dada yangu siku sita za wiki, siku ya saba nikawa nakaa mahali pake, na ile siku ya saba ndiyo niliyoipenda. Kuna Jumapili nilifurahi kiasi kwamba nilisahau kuwa amekufa, na nilipokumbuka sikusikia huzuni, nilisikia hofu kwamba atarudi.

Kwa hiyo nilipoulizwa dirishani, nilifungua mdomo niseme ni sahihi.

Aira akanitangulia. Alisimama kwa ncha za vidole ili kijana amwone, akasema kwa ule mluzi wake, "Si sahihi. Huyu anaitwa Jovelyn. Ni mama yangu mdogo. Mama yangu alikufa mwezi wa pili."

Yule kijana alinitazama, akaitazama kadi, kisha akaifunika kwa kiganja kama mtu anayefunika uso wa maiti. Hakuniita mwizi. Aliniuliza kwa upole kama nataka kukaa pembeni kidogo.

Tulikaa kwenye benchi. Nilimuuliza Aira, kama alijua siku zote, kwa nini alikuwa akiniita vile humu ndani. Alinitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. Akasema, "Ukiitwa hivyo unacheka. Nyumbani hucheki." Akaongeza kwamba alichoka kidogo lakini hakutaka kuniambia.

Ana miaka saba, Mama. Alinibeba mwaka mzima nami nikidhani ninambeba.

Tulikwenda moja kwa moja kwa Bi Choleng. Nilimwambia yote, kuanzia bombani. Nilitegemea anizabe kofi, na nilikuwa nimelitayarishia shavu. Alikaa kwenye ngazi ya bembea, akauliza Jona alikufa tarehe ngapi. Nilipomtajia alihesabu kwa vidole, akasema basi mishumaa ishirini na kitu ilikuwa ya marehemu bila yeye kujua, na kwamba nayo haipotei. Halafu akasema, "Wewe ulinitendea vibaya. Nilikuwa nimeshafurahi."

Lakini kabla hatujaondoka alinipa kitu kimoja ambacho nataka nikupe wewe. Alisema siku moja alimuuliza Jona kwa nini, kwa hali ile, alinunua kadi ya mwaka badala ya tiketi. Jona alimjibu kwamba mtu aliyenunua mwaka mzima hakuna anayemuuliza habari za kufa. Alisema akiwaambia nyumbani, mama atauza kiwanja na Velyn atalia, halafu atakufa vilevile akiwa katikati ya vilio. Alitaka kucheza na mwanawe kwanza. Walikuja mara kumi na moja kabla ya Februari. Hakuwa anatupa fedha, Mama. Na ile homa ya viungo iliyotupata sote wawili tukiwa watoto, daktari alimwambia ndiyo iliyokula moyo wake polepole. Nakuandikia hilo kwa sababu utalisikia siku moja, na sitaki ulisikie kwa mtu baki. Ulitubeba sote mgongoni kwa zamu mpaka zahanati. Hukukosea popote.

Sasa swali lako. Kadi ya Jona sikuihuisha. Yule kijana alitaka kuikata kwa mkasi kama sheria yao inavyosema, Aira akamwomba, akaikata pembe tu akamrudishia. Nimenunua nyingine mbili, ya Aira na yangu, kwa jina langu na uso wangu, na kwenye picha sikutabasamu. Sijui kama zinafaa. Nimezinunua kwa sababu Bi Choleng ana maneno ya Jona ambayo sisi hatunayo, na hayatoi yote kwa siku moja, na bado hajanisamehe kabisa, kwa hiyo lazima niende. Jumapili iliyopita alimsimulia Aira jinsi mama yake alivyopanda farasi kinyume, akizungushwa huku anatazama alikotoka. Kwenye kioo cha mashua nilihesabu mpaka tatu. Bado alikuwa Jona, ikanibidi nihesabu mpaka tano.

Tutakuja kwa basi tarehe ishirini na mbili, Mungu akipenda. Nimekuwekea dawa ya magoti. Aira ana mambo mengi ya mama yake ya kukusimulia, anayafanyia mazoezi mbele ya kioo. Akianza, mwache amalize, usimkatize kwa kilio. Akishamaliza tutalia sote, na yeye atakuwa ameshakwenda kucheza.

Nisalimie Meding na watoto wake, na majirani wote walioniulizia. Mwashie Jona mshumaa kaburini, na umwambie nimeuona mwaka niliomuuliza.

Ni mimi mwanao,
Jovelyn