Kirusi Kilikuja na Isale

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila shikamoo nitaona aibu mpaka mwisho wa barua, na wewe ndiye uliyenilea hivyo.

Ng'ombe wako mwekundu amezaa dume. Ungenuna wiki nzima. Kahawa imechumwa, na ile mashine ya kumenyea inamsumbua kila mtu aliyekuwa akidhani ni rahisi kwa kukuangalia wewe. Sukari imeadimika dukani, tunakunywa chai chungu na kujifanya ndivyo tunavyoipenda. Halafu mdogo wangu Elisante amepata binti, amempa jina lako. Mtu akimwita mtoto, mimi ndiye ninayegeuka, nikidhani unatokea migombani na majani ya ng'ombe kichwani. Kisha nakumbuka. Mama, nimekukumbuka mpaka nimekasirika.

Ninachotaka kukuambia ni juu ya swali lako. "Kitu hiki kiliingiaje?" Elisante alipougua homa ile utotoni, akaamka mguu mmoja umelegea, na hospitali wakasema ni polio, uliuliza kila mtu: daktari, mchungaji, hata mimi niliyekuwa bado shule ya msingi. Hakuna aliyekujibu, ukajijibu mwenyewe. Muda mfupi kabla, jirani yetu Mama Anaeli alikuwa amekuja na jani la isale mkononi kuomba radhi, maana mligombana juu ya zamu ya maji ya mfereji. Kwetu mtu akija na isale hafukuzwi. Ulimkaribisha, mkanywa pombe ya mbege kwenye kata moja, akampakata Elisante.

Ukaamini kwamba aliuleta ugonjwa pamoja na lile jani. Ukang'oa masale yote ya getini na ya mpakani, watu wakashika vichwa. Nani anang'oa masale? Mama Anaeli hukumsalimia tena hadi unakufa. Hilo ningeweza kulizoea. Lakini ulikuwa unamtazama Elisante akiburuta mguu uani, unasema polepole, "Mimi ndiye niliyefungua." Hayo ndiyo maneno ninayoyasikia hadi leo.

Sasa nasomea kazi ya maabara hospitalini hapa Moshi. Mwezi uliopita mwalimu alitufundisha juu ya ganda la kirusi. Kirusi, Mama, ni kidogo hata darubini yetu haikioni. Ndani kina maagizo tu ya kutengeneza virusi vingine. Nje kina ganda la protini, vipande vidogo vidogo vilivyoshikana. Nilidhani ganda ni ganda, kama lile la kahawa tunalolimwaga. Kumbe ndilo lenye kazi. Ganda la polio linastahimili ukali wote wa tumboni mpaka linafika kwenye utumbo. Huko, seli za mwili zina milango na hazifungulii ovyo. Lakini ganda hilo lina umbo linalokaa barabara kwenye kitu kilichopo mlangoni, na seli inafungua. Likishashika, linalegea na kuyaachia maagizo. Seli inayatii, masikini! Inatengeneza vipande vipya vya ganda, navyo vinatafutana vyenyewe, vinajijenga bila fundi, vinayafungia maagizo mapya ndani. Kisha vinatoka kutafuta milango mingine, na kwa mtoto mwenye bahati mbaya vinafika mpaka kwenye seli za uti wa mgongo zinazouamrisha mguu.

Mwalimu, ambaye si mtu wa huku, akauliza kwa nini seli isikatae. Nikajikuta nimesema kwa sauti, "Kimekuja na isale!" Wachagga wenzangu darasani wakacheka mpaka wakapiga meza. Mwalimu akabaki anasubiri aelezwe. Mimi nikatoka nje nikalia, kwa sababu jibu lako lilikuwa limefika na wewe hupo.

Hukufungua wewe, Mama. Mlango uliofunguka ulikuwa ndani ya utumbo wa mtoto, na huko hakuna mama anayeshika komeo. Labda kilipita kwenye maji ya mfereji, labda kwenye mikono yetu sisi watoto, hakuna ajuaye. Isale la Mama Anaeli lilikuwa la kweli. La kirusi ndilo lilikuwa la uongo.

Jumamosi iliyofuata nikapanda nyumbani Machame, nikitaka kumpelekea Mama Anaeli isale kwa niaba yako. Nikazunguka kihamba chote, shamba letu lote la migomba, sikupata hata moja. Uling'oa vizuri! Masale ya karibu yako kwake. Ikabidi niende nikamwombe yeye. "Unampelekea nani?" akaniuliza. Nikamwomba akate kwanza. Akakata jani, akalifunga fundo, akanipa. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikamrudishia palepale.

Akalipokea. "Mama yako angecheka," akasema, kisha akaanza kulia, nami nikalia naye.

Nilipomweleza habari za ganda, alisikiliza akitikisa kichwa, halafu akachukua jembe, akachimba chipukizi la isale na kunifuata. Hakuwa ameingia kwetu tangu siku ile. Amelipanda mwenyewe kichwani pa kaburi lako. Elisante alimletea kigoda, akampakatisha binti yake.

Huyo mtoto amepewa matone ya chanjo. Ni kirusi kilekile kilichodhoofishwa, chenye ganda lake, ili mwili ulijue mapema na usidanganyike. Alitema yote, nesi akampa tena. Ana ukaidi wako.

Pumzika sasa, Mama. Isale limeshika, na likizaa machipukizi nitayarudisha getini. Nakuahidi na jambo moja zaidi. Binti huyu atakua, na siku moja atauliza nani aliuharibu mguu wa baba yake. Hatatajiwa jina la Mama Anaeli, wala lako.

Mwanao,
Ndeshi