Onyo Ulilolifuta

Nyumba ya Wageni Hamasaki,
Matsue.
9 Novemba.

Mpendwa Tatsuro, mwana wa kaka yangu,

Hujambo huko Sendai? Kifua chako kinaendeleaje na baridi hii? Sisi hatujambo. Goti la Bibi yako bado linamsumbua, lakini mdomo ni mzima kabisa, anatugombeza tangu kifungua kinywa.

Sanduku la keki za maharage ulilotuma kuomba radhi limefika, pamoja na kadi inayosema unaacha kazi ya kuandika programu. Mwanangu, kadi hiyo imeniuma kuliko lile faili la nywila lililoachwa wazi.

Ulinieleza kwenye simu hadi nikaelewa. Programu uliyotuandikia huweka nywila zetu katika faili, kisha huiamuru kompyuta ilifunge, asilisome mtu mwingine. Ile diski kuukuu ya ofisini, tunayoitumia sote, ikaikataa amri. Programu ikanyamaza, ikatuandikia tu, "Imehifadhiwa salama." Mpishi wetu Onuma akitafuta picha za samaki akakutana na nywila ya benki ya Bibi. Alikuja kuniambia huku amegeuza uso, utadhani amemfumania mama mkwe bafuni. Hakuna kilichoibwa, na nywila tumeshazibadilisha zote.

Kinachonihuzunisha ni kwamba onyo la kutujulisha faili likikataa kufungwa ulikuwa umeliandika, ukalifuta ili maandishi mekundu yasimtie Bibi wasiwasi. Ndivyo tulivyokulea. Tangu mdogo ulikatazwa kuwasumbua watu, hata homa ulikuwa ukiificha mpaka unaanguka. Samaki mkunje angali mbichi, nasi tulikukunja huko. Sikulaumu, nakuonea huruma.

Nimemwambia Bibi kwamba dawa ipo: faili likikataa kufungika, programu isihifadhi kitu, na itangaze wazi. Nikamsomea na kadi yako. Akalisukuma sanduku kando.

"Sili keki za mtu anayeacha kazi," akasema. "Alirudishe hilo onyo lake, tena kwa herufi kubwa, macho yangu haya hayaoni. Na mwambie mimi ni bibi yake. Asiponisumbua mimi, atamsumbua nani?"

Kisha akageukia ukutani, akajifuta macho kwa mkono wa kimono.

Baba yako na Onuma wanakusalimu. Baba yako hajui habari ya kadi; mpigie wewe mwenyewe. Wazee wetu waliotangulia wakulinde, na usingizi ukurudie. Ukilemewa, mwanangu, sema.

Ni mimi nikupendaye,
Shangazi Kinue