Damu Iliyoelea

Mama yangu mpendwa, uliyelazwa upande wa kushoto wa nyumba ya Baba,

Juzi nilienda kliniki ya wajawazito. Nesi akaivuta kope yangu ya chini, akachungulia, akasema, "Mama, damu yako iko chini. Kula mayai, kula maini, kula kuku." Nilitaka kucheka nikashindwa. Maneno hayo hayo uliambiwa wewe kule Khwisero, ukiwa na mimba ya mwisho, na ulicheka njia nzima ya kurudi nyumbani. "Nile kuku? Mimi na nani?" ulisema, ukajifuta machozi kwa ncha ya leso.

Na kuku ulikuwa nao! Hakuna mwanamke kijijini aliyewajua kuku kama wewe. Ugonjwa wa kideri ukiingia uliwapondea pilipili kwenye maji, na wakikukosea uliwagombeza kwa majina ya mashemeji zako, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Lakini mayai yalikuwa ya sokoni, jogoo alikuwa wa wageni, na firigisi, imondo yenyewe, ilikuwa ya Baba. Wewe ulichovya obusuma, ugali wako, kwenye mchuzi uliobaki chunguni. Mwiko wenyewe wa wanawake kutokula kuku wala mayai ulikuwa umechakaa, kwani wake wa walimu pale mjini walikula hadharani na hawakufa. Ila kwetu mama yake Baba, Kukhu wetu, alikuwa bado hai, naye alikuwa na neno moja tu: "Mwanamke hakulangi ingokho," mwanamke hali kuku.

Siku moja nilikuchemshia yai kwa siri. Ulilimenya polepole, ukalinusa, kisha ukamwita mdogo wangu wa kiume ukampa. Nilinuna. Ukaniambia, "Yeye bado anakua." Na wewe ulikuwa unamkuza mwingine tumboni, Mama, kwa mchuzi.

Miaka hii ya tisini mtu anakwenda kujifungua na glavu zake na uzi wake, nasi tulikupeleka navyo. Mtoto alitoka salama, akalia. Wewe ndiye ambaye damu ilikataa kukatika. Daktari akatoka akasema friji ya damu ni tupu, jamaa zako watoe. Baba na ndugu zake walikuwa wamejaa kwenye benchi, wanaume wenye vifua. Mmoja akasema, "Damu ya mwanaume haitolewangi hivi hivi. Nani atalima?" Mama, lile jembe lilikuwa lako! Mwingine akasema siku hizi sindano ndizo zinaleta ule ugonjwa. Baba alikuwa analia, hiyo ni haki yake niiseme, lakini alilia akiwa ameketi.

Walioinuka ni wanawake. Senje, dada yake Baba, alitangulia, wakafuata wake za baba zangu wadogo, na nyuma yao Kukhu na mkongojo wake. Wakadungwa vidole. Yule wa maabara alikuwa na chupa ya maji ya buluu, akatueleza kwamba tone la damu nzuri huzama, na lile la damu hafifu huelea, na mwenye hilo hawezi kutoa. Tone la Senje likaelea. Ya wale wengine yakaelea. Nilisimama pale nikimwomba Mungu lizame hata moja. La Kukhu lilikaa juu, jekundu, halitaki kushuka, naye akalitazama kwa muda mrefu.

"Sisi sote?" akauliza.

Jioni hiyo ulituacha.

Kwenye matanga kuku wako walichinjwa wote. Watu wa lile benchi walikula wakashiba, wakasimama mmoja mmoja kusema ulikuwa mama wa bidii, na kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Mimi Mungu sikumtilia shaka. Niliwatazama midomo yao iliyong'aa mafuta, na chuki iliyonishika siku hiyo haijaniachia mpaka leo.

Sasa nimeolewa huku Malinya. Mume wangu si mbaya. Nilipomwambia maneno ya nesi alinunua kuku, akamchinja mwenyewe, akasema, "Huyu ni wako, kula umalize." Nilipika vizuri ulivyonifundisha. Nilipopakua, firigisi niliiweka kwenye sahani yake. Hakuiomba, Mama. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nikabaki na bawa langu, nikalirudisha chunguni, kwa sababu nilikuona wewe na lile yai.

Nimechoka kujipa moyo. Siku zangu zinakaribia, na wanawake wa boma hili nimewaangalia viganja: ni vyeupe kama vyangu. Mambo yakiharibika, najua ni kina nani watainuka. Najua pia matone yao yatafanya nini.

Lala, Mama. Kama ni kuonana karibuni, utanipokea.

Ni mimi binti yako wa kwanza, mwenye damu yako.