Siku Mjomba Bohuslav Alipobaki Chini

Nyumba ya juu, karibu na kinu,
Lhotka, Moravia.
6 Oktoba, 2019.

Mpendwa dada Ludmila,

Pokea salamu zangu nyingi, na zivuke bahari zisipoe njiani. Goti lako linaendeleaje? Shemeji Walter ameacha sigara kweli, au amebadilisha tu mahali pa kujificha? Huku sote tu wazima. Mimi pia ni mzima, ila kukaa kunanipa taabu kidogo, na sababu yake ndiyo barua hii.

Plamu mwaka huu zimevunja matawi. Mkazamjomba Květa amepika jamu mpaka chupa zimemwishia, sasa ameanza kuzitazama zile ninazowekea misumari.

Nilikuambia katika barua ya Aprili kwamba nimeanza kujifunza kurusha ndege, zile ndogo nyepesi za viti viwili, na mwalimu wangu ni mjomba Bohuslav. Ukanijibu kwamba mtu kama mimi, aliyetengeneza lifti maisha yake yote, amezoea kupanda akiwa amefungwa kamba. Nilikasirika siku mbili, kisha nikaona umesema kweli.

Shida ya mjomba unaijua. Amefundisha nusu ya bonde hili kuruka, hata mchinjaji, hata padri, lakini hakuna wa damu yake aliyewahi kupaa peke yake. Wanawe wanaogopa ngazi. Wewe ulipaa, lakini kwenda Kanada, na ndege aliiendesha mtu mwingine. Nikabaki mimi. Na daktari wa marubani alikwisha kumwonya kuhusu moyo wake, akamwambia atampima tena Septemba. Kwa hiyo tulikuwa na kiangazi kimoja tu.

Tulikizunguka kiwanja cha ndege mpaka ng'ombe wakaacha kututazama: kupaa, kugeuka juu ya kanisa, kugeuka juu ya bwawa la samaki, kutua. Mjomba hafundishi kwa maneno. Nikija juu mno, anakohoa mara moja. Nikija chini mno, anakohoa mara mbili. Nikitua vibaya ndipo anapofungua kinywa: "Mpwa, hii ni ndege, si chura."

Siku ya kuruka peke yako haitangazwi. Mwalimu akiona umeiva, ndege ikisimama anafungua mkanda, anashuka, anafunga mlango, basi. Siku moja ya Julai nilitua vizuri, nikasikia mkanda wa mjomba ukifunguka. Nikamtazama. Sijui uso wangu ulisema nini.

"Bado kidogo, mjomba. Tuzunguke mara moja tena."

Akaufunga tena mkanda. "Haya. Moja tena."

Dada, sikuwa naogopa kuruka. Nilijua kwamba nikishaweza, hatakuwa na sababu ya kukaa kando yangu. Tangu mama atutoke sijakaa bega kwa bega na mtu yeyote namna ile, mtu anayenuka pipi za mnanaa na kuimba ovyo akidhani injini inamfunika. Ile moja tena ikala Julai, ikala na Agosti nzima.

Septemba daktari akamnyima cheti cha kurusha ndege. Mjomba alikuja kwangu, akakaa jikoni bila kuvua kofia.

"Ungeshuka tu, mjomba," nikamwambia. "Kwa nini ulinisikiliza?"

"Ningeshuka. Lakini hata mimi nilikuwa naona raha, mjinga wewe."

Tukala matonge ya unga yenye plamu ndani. Yalikuwa matamu, jambo ambalo lilizidi kutuudhi.

Jumamosi iliyopita mwalimu mpya, kijana anayeitwa Radim, ndiye aliyefungua mkanda akashuka. Kisha akaufunga juu ya kiti kitupu, usije ukanasa kwenye usukani. Dada, ile ndege bila mtu wa pili iliruka kama mbuzi aliyekata kamba. Wenzangu husema hapo ndipo penye utamu. Mimi niliuhisi tu ule uzito uliopungua. Nilipofika juu ya bwawa nilikuwa juu mno, na hapakuwa na wa kukohoa. Nikakohoa mwenyewe, nikashusha pua. Nilitua vizuri kiasi kwamba hata chura angejifunza kitu.

Mila ya kiwanja haijabadilika tangu uondoke. Aliyeruka peke yake mara ya kwanza anainamishwa, marubani wote wanamchapa makalio, eti yajifunze kuisikia ndege. Wa kwanza kupiga ni mwalimu aliyeshuka. Radim, ana adabu, akampisha mjomba.

"Hapana, bwana mdogo," mjomba akasema. "Aliyeshuka ndiye apige. Mimi nilishushwa."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Mchinjaji alinichapa kama anayechagua nyama.

Kisha huja shada la mbigili, unalibana kwa mkono mtupu huku ukiwashukuru wote. Mjomba ndiye aliyelileta.

"Kaza mkono, mpwa. Wenzako wote walilia hapa."

Nikakaza, nikingoja miiba. Haikuwepo. Pale pa kushika, kila shina lilikuwa limeparwa kwa kisu, laini kama mpini wa jembe la zamani. Nikalia hata hivyo. Watu wakapiga makofi wakidhani ni miiba. Mjomba akageukia bwawa, akakohoa mara mbili, nami nikainua kichwa.

Nikipata leseni nitaruhusiwa kupakia mtu. Nimemwalika tayari. Anasema yeye hakuzaliwa kuwa mzigo. Tafadhali mwandikie wewe, dada. Sisi wa karibu yeye hatusikilizi, ila wewe uliye mbali anadhani una akili. Usichelewe kama nilivyochelewa mimi.

Nisalimie shemeji Walter na wapwa zangu, Tereza na Ondřej. Mkazamjomba Květa anakusalimu sana na anauliza kama Kanada kuna chupa. Mungu akuweke, akupandishe taratibu na kukushusha taratibu zaidi.

Mimi mdogo wako nikupendaye, niandikaye nikiwa nimesimama,

Oldřich