Harufu Iliyolala Ndani ya Ndizi

Lubumbashi, mtaa uitwao Kenya

Mama yangu,

Nakusalimu kwa moyo wote. Goti lako linaendeleaje huko kwa shangazi ulikokimbilia, na mnalala wangapi katika chumba kimoja? Mimi ni mzima wa mwili, ila kichwa hakitulii tangu dereva wa baba mdogo aliponiletea ujumbe wako. Ati unataka kurudi kijijini kwetu Kivu, vita vikiwa bado vinaendelea njiani, ukachimbe chipukizi la ndizi zetu uniletee. Mama, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekuandikia kwamba ndizi niliyoipanda huku imezaa lakini hainukii.

Acha nikueleze, ingawa mwenyewe sielewi vizuri. Katika kiwanja tunachopanga yumo Papa Ilunga, anayefundisha kilimo chuoni. Nilimpa ndizi aonje, nikamwambia mbegu ya bibi imepotea. Akacheka. Akasema chipukizi si mtoto, ni mgomba uleule, na ndani yake mna jeni zilezile, yaani maagizo ya rangi, ya utamu na ya harufu. Nikamuuliza, basi harufu imekwenda wapi?

"Ile gene haiyakufa," akasema, "iko inalala tu. Ni weye ulikata mapema."

Na kweli nilikata mapema. Hapa mjini watu wana hofu, maduka yanafungwa kwa uvumi tu, na kila mtu anavuna kabla hajaibiwa. Nilikata mkungu ungali mwembamba, nikauweka kwenye sakafu ya sementi ya depo, yaani ghala, na huu ndio msimu wa baridi. Papa Ilunga anasema tunda changa haliwezi kuziamsha jeni za harufu, na baridi nayo inazilaza zaidi. Ganda linageuka njano, utamu unakuja, harufu inabaki usingizini. Nimemuuliza mara tatu inawezekanaje kitu kiwemo na kisiwemo. Sijui kama nimemwelewa au nimemwitikia kwa heshima tu.

Mkungu wa pili, wa chipukizi la pembeni, niliungoja mpaka ukanenepa, ndipo nikaukata. Nikachimba shimo kama lako, nikaliwashia moto likapata joto, nikazoa majivu, nikatandika majani na kuufukia mkungu. Mama mwenye nyumba akatoka mbio.

"Weye muntu ya Kivu, unazika nini mu parcelle yangu?"

Alidhani nazika bunduki kiwanjani mwake. Ilibidi nifukue nimwonyeshe, joto lote likatoka, nami nikafukia upya bila kujua kama nimeharibu.

Jana, siku ya nne, nilifungua shimo. Nilinusa nikalia. Kisha nikanusa tena, sikusikia kitu. Mama mwenye nyumba anasema zinanukia, Papa Ilunga anasema zinanukia kidogo, na mimi sijui kama ile ilikuwa harufu au hamu yangu ya nyumbani. Nimechanganyikiwa kabisa, Mama. Ninachokijua ni kwamba mgomba umesimama nyuma ya jiko na una machipukizi matatu.

Nisalimie shangazi aliyekupokea, na mumewe katekista. Kaka yangu Muhindo, mwambie avifiche viatu vyako vya shamba, na asikuonyeshe hata ukimkasirikia. Huenda nimekosea, huenda harufu ya bibi haitaamka tena huku. Zinukie, zisinukie, usiende.

Ni mimi binti yako,
Kavira